Namna ya Kuunyima Ugonjwa wa Moyo Wateja, Kuanzia Makongeni Hadi Kamakis

Ugonjwa wa moyo hufanya biashara kwa subira. Hauna kipaza sauti kama makanga wa Githurai, haumvuti mtu shati sokoni, na hauna saa ya kufunga. Unachofanya ni kukopesha. Leo unakuachia chumvi, kesho sigara, kila asubuhi kiti cha matatu na kila jioni sahani ya chipo, na deni linaandikwa ndani ya mishipa, mahali ambapo jicho halifiki. Mdaiwa huendelea na maisha yake miaka kumi, ishirini, akijiona mzima wa afya. Siku ya kudaiwa inaweza kufika alfajiri, kabla basi la kwanza halijaondoka Makongeni.

Mwongozo huu ni wa kuufilisi. Umeandikiwa wakazi wa Thika na Ruiru kwa sababu wateja ambao ugonjwa huu unawapenda zaidi wanaishi hapa: watu waliohamia mjini majuzi, wanaokaa garini muda mrefu, wanaolala kidogo na kula barabarani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Hilo ni soko kubwa, nami nataka life.

Ukumbushe kwamba ni mgeni

Hatua ya kwanza haihitaji viatu wala pesa. Ni kukataa kisingizio ambacho ugonjwa huu unakipenda kuliko vyote: "Presha ni ya ukoo wetu." Husemwa matangani, husemwa harusini, na kikishasemwa mtu huongeza chumvi kwenye mchuzi kwa amani kabisa.

Basi sikiliza. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyehudumu katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima presha watu wapatao 1,000. Aliandika pia kwamba katika miaka miwili, kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa kwake, hakumpata hata mmoja mwenye presha ya juu. Ulaya presha ilikuwa ikipanda kadiri mtu anavyozeeka. Wazee wa Kavirondo hawakuwa na desturi hiyo. Watu wa zama hizo waliuawa na malaria, homa ya mapafu na kifua kikuu, kwa hiyo simwombi mtu arudi 1929. Ninachosema ni kwamba presha haikuwa urithi wa watu hawa.

Miaka sitini baadaye watafiti wa London na Nairobi, wakiongozwa na Neil Poulter, waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kuja kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa 1990. Mwezi mmoja tu baada ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imeshawapita wenzao wa kijijini. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Uzito ulikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, maana yake chumvi ilikuwa imeongezeka sahanini na mboga, matunda na mizizi vimepungua. Ukoo haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni anwani.

Sasa mtoe mtu huyo Nairobi umlete Ruiru. Ametoka Busia au Kitui au Murang'a, amepanga chumba kimoja Kimbo au Kihunguro, na juma la kwanza tu ameshajua kibanda cha chipo kilipo, steji ya boda boda ilipo, na duka linalouza mkate hadi saa nne usiku. Kule kwao alitembea kwenda mtoni, shambani na kanisani bila kuyaita mazoezi. Hapa anapelekwa na pikipiki mita mia tano. Utafiti ule unamhusu yeye, na kama umehamia Thika au Ruiru miaka hii, unakuhusu wewe.

Sikatai kwamba ukoo una sehemu yake. Umri pia una sehemu yake, na mwanamke aliyepata presha akiwa mjamzito hubeba hatari hiyo hata baada ya mtoto kukua, jambo ambalo kliniki zetu zingelisema kwa sauti kubwa zaidi. Lakini angalia uzito wa yale yanayobadilika. Mwaka 2004 Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 52, za Afrika zikiwemo, wakilinganisha watu karibu 15,000 waliopata mshtuko wa moyo na wengine idadi kama hiyo ambao hawakuupata. Mambo tisa yanayopimika yalitosha kueleza asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Miongoni mwake ni sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, na kukaa bila kusogeza mwili. Yote hayo yana mlango wa kutokea.

Na mlango wenyewe haupo mbali. Kama mji ulimpandisha mtu presha kwa mwezi mmoja, majaribio ya lishe yaliyofanyika Marekani na kuchapishwa 2001 yalionyesha kwamba chumvi ikipunguzwa kwa siku 30 tu, presha hushuka. Mwezi wa kuingia, mwezi wa kutoka.

Ukiwa Kamakis, zungumza na anayekata nyama

Tuingie jikoni, na jiko kubwa kuliko yote Ruiru liko Kamakis, kandokando ya Eastern Bypass. Jumamosi jioni moshi wa nyama unaonekana kabla hujaona bango. Mbuzi analetwa juu ya ubao, mkataji anamkata mbele yako kwa kisu kinacholia, na pembeni mwa ubao anamimina chumvi, rundo zima, ambalo kila mkono utalichovya.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mwambie mapema, kabla kisu hakijashuka: "Kiongozi, chumvi usilete." Atadhani hajasikia vizuri. Rudia. Akisema nyama haitanoga, mwambie akuongezee ndimu, pilipili na kachumbari, na kachumbari iwe sahani, isiwe kijiko cha kupamba. Majuma machache ya kwanza ulimi utalalamika. Baadaye hujifunza upya, na chakula ulichokizoea zamani utakiona kikali kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kijiko hicho kuna chumvi yote: ya mchuzi, ya mkate wa asubuhi, ya smoki uliyokula ukisubiri gari, ya krispi za watoto ulizozimaliza wewe, ya viungo vya pakiti ambavyo mpishi humwaga baada ya kuwa ameshatia chumvi. Mtu anaweza kukimaliza kijiko chake kabla ya saa sita mchana bila kushika kikopo cha chumvi.

Kwa nini nalishikilia hili kuliko mengine? Kwa sababu katika Afrika yetu presha ndiyo mlango mkuu wa kuingilia moyoni. Sodiamu ikizidi, mwili hushika maji, damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo husukuma mzigo mzito zaidi kila sekunde, usiku na mchana. Msuli wa moyo hunenepa kwa kazi hiyo, kisha hukakamaa, kisha huchoka. Mishipa ya ubongo ikishindwa kwanza, ni kiharusi. Figo zikishindwa kwanza, ni kusafishwa damu. Wote hao ni ndugu wa baba mmoja.

Potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu, na hapa hatuna sababu ya kulialia, maana ardhi ya Kiambu na Murang'a imejaa potasiamu: ndizi, nduma, viazi vitamu, maharagwe, njahi, terere, managu, avokado. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa sababu kwake potasiamu inaweza kuwa hatari. Wengine wote, githeri yenye avokado juu, bila kiungo cha pakiti, ni silaha ya bei ya kibanda.

Nyama yenyewe sina ugomvi nayo. Mbuzi wa watu wanane asiliwe na watu watatu, basi. Na mutura ya jioni pale steji iwe ya siku moja moja. Kipande kimoja kila siku, mwaka mzima, ni mlima.

Kuwa makanga, usiwe dereva

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti ambao naamini ungebandikwa ndani ya kila matatu ya Thika Road. Walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi zamu nzima, akikata tikiti juu na chini. Walikuwa watu wa tabaka moja na kampuni moja, na njia zao zilikuwa zilezile. Makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, haukuwaua ghafla mara nyingi kama ulivyowaua madereva. Morris akatazama posta, akaona hali ileile: waliozungusha barua kwa miguu na baiskeli walikuwa salama kuliko waliokaa mezani.

Kisha akafanya jambo ambalo linanipendeza zaidi. Aliomba rekodi za sare, akapima viuno vya suruali. Madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, hata vijana wao. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwepo tangu siku ya kuajiriwa, naye akaisema wazi badala ya kuificha. Tafiti nyingi zilizofuata, zenye hesabu kali zaidi, zilithibitisha kwamba kusogea kwenyewe kunalinda moyo. Morris mwenyewe aliendelea na mazoezi hadi uzeeni, akafariki 2009 akiwa na miaka 99.

Suruali zile zina ujumbe kwetu. Sisi kitambi bado tunakipongeza. Mtu akinenepa tumboni tunamwambia maisha yamemkubali. Mafuta yanayokaa tumboni huzunguka ini na matumbo, huvuruga kazi ya insulini, hupandisha sukari, presha na mafuta ya damu kwa pamoja. Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno usawa wa kitovu, uandike. Mzani unaweza kukubembeleza, futi haina tabia hiyo.

Sasa barabara yenyewe. Thika Road ilipopanuliwa na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, ilitufupishia safari na kutuongezea kukaa. Mtu wa Ngoingwa anayefanya kazi mjini Nairobi anaamka saa kumi alfajiri, anakaa garini, anakaa ofisini, anakaa garini tena, anakaa mbele ya televisheni, analala masaa matano. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za kusogea kwa wiki, kwa mwendo unaoharakisha pumzi. Mtu huyo atazitoa wapi?

Atazitoa hivi. Ashuke steji moja kabla ya yake na amalizie kwa miguu, asubuhi dakika 15, jioni dakika 15, siku tano: hesabu imekamilika. Mwenye boda boda atamwita. Amsalimie na apite. Palipo na daraja la waenda kwa miguu, apande daraja. Kule juu moyo hufanya kazi na chini magari hayamgongi, kwa hiyo amekwepa vifo viwili kwa ngazi zilezile. Ngazi za ofisini zina faida hiyohiyo, hata lifti ikiwa nzima.

Ninajua pingamizi, na ni la haki. Mwanamke anayeshuka Githurai au Kimbo saa tatu usiku hawezi kuambiwa atembee gizani kwa ajili ya moyo wake. Yeye atafute dakika zake mahali penye usalama: mchana kazini, Jumapili baada ya ibada, au uwanjani pamoja na wenzake. Na giza lile lina mwenyewe, nitalirudia mwishoni.

Mji unaooka, unaokaanga na unaochambua tumbaku

Thika inawalisha Wakenya, ikiwapa vinavyojenga na vinavyobomoa kwa mkono mmoja. Bidco inatengenezea mafuta ya kupikia hapa. Broadway inaokea mkate hapa. Mashamba ya mananasi ya Del Monte yanaanza palepale mji unapoishia. Na majani ya tumbaku huletwa kuchambuliwa Thika kabla ya kuwa sigara. Mkazi wa hapa, basi, hana haja ya kusafiri ili auone moyo ukitengenezwa au ukiharibiwa.

Kuhusu mafuta nitakuwa mfupi. Yaliyoganda, badilisha na ya maji. Kisha punguza hayo ya maji. Mafuta yanayoganda huongeza kolesteroli mbaya, ile inayojipachika kwenye kuta za mishipa. Mafuta ya kibanda cha chipo yaliyochemshwa tangu asubuhi hadi yakawa meusi, yaache yalivyo. Mama wa kibanda akiuliza mbona siku hizi unanunua mihogo ya kuchemsha, mwambie ukweli, huenda akaongeza sufuria ya pili.

Kuhusu mkate mweupe na chai ya sukari vijiko vinne, ambavyo ndivyo chakula cha asubuhi cha nusu ya mtaa, ngwaci au nduma hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hushikilia tumbo hadi mchana. Sukari ipunguze kijiko kimoja kila wiki mbili. Utafiti wa kitaifa wa Wizara ya Afya wa 2015 ulikuta asilimia 94 ya Wakenya wazima hawafikishi migao mitano ya matunda na mboga kwa siku. Hawa wanaishi nchi inayouza mananasi na avokado ng'ambo. Linaniuma kila nikilifikiria.

Tumbaku haina kiasi salama. Hubana mishipa, huikwaruza ndani, hufanya damu iwe nyepesi kuganda. Kenya ina sheria ya kudhibiti tumbaku tangu 2007, na shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, lakini kaburi halisomi sheria. Habari njema ni kwamba hakuna deni ambalo ugonjwa wa moyo hulisamehe haraka kama hili: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya moyo huwa imeshuka kwa karibu nusu. Aliyevuta miaka thelathini hajachelewa. Aache leo, asingoje Januari.

Muguka na miraa husisimua moyo na kupandisha presha, na utafiti wa Yemen ulihusisha utafunaji mzito na mshtuko wa moyo. Anayetafuna usiku kucha huku akivuta na kunywa soda ameukaribisha ugonjwa kupitia milango mitatu. Pombe nayo hupandisha presha na, ikizidi, hulegeza msuli wa moyo na kuvuruga mapigo. Kidogo ni bora kuliko nyingi, na kutokunywa ni bora kuliko kidogo.

Ufumanie ana kwa ana

Sasa tumefika mahali ambapo ugonjwa huu hupaogopa kuliko pote: mkanda wa kupimia presha. Utafiti uleule wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hapo ndipo biashara yote ilipo. Presha haiumi. Wengi wanasubiri kichwa kigonge ndipo waamini, na kichwa kinaweza kunyamaza hadi siku ya kiharusi.

Nenda kapimwe. Thika Level 5 watakupima, Ruiru Level 4 watakupima, duka la dawa la mtaani kwenu lina mashine, na wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023 hubeba mashine ya presha na ya sukari hadi mlangoni. Mhudumu akibisha hodi, usimwambie "sisi huku wote ni wazima." Mpe kiti.

Kupimwa nako kuna adabu yake. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelala usawa wa moyo, na simu mbali. Mtu aliyepanda ngazi mbio akapimwa palepale huku akibishana juu ya nauli atapata namba ya ugomvi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Andika namba zako na uzijue kama unavyoijua namba ya kitambulisho. Ukipimwa presha, omba na sukari ipimwe.

Ukipewa dawa, meza. Hapa mtaani kuna kambi mbili zinazogombana bure. Moja inasema vidonge ni vya Wazungu, tunywe maji ya kitunguu saumu na tutembee. Nyingine inasema nimeshapewa vidonge, nileteeni mutura. Marekani, kati ya 1980 na 2000, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo vilipungua karibu nusu kwa kila watu laki moja. Wataalamu walipochambua sababu, katika jarida maarufu la tiba la New England mwaka 2007, walikuta asilimia 47 ya upungufu huo imetokana na matibabu na asilimia 44 na mabadiliko ya hatari zenyewe: kolesteroli, presha, sigara, mazoezi. Na unene na kisukari, vilivyokuwa vikipanda miaka hiyohiyo, vilirudisha nyuma sehemu ya ushindi huo. Kambi zote mbili zina nusu ya ukweli. Ziungane.

Na ushindi hauhitaji miujiza. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa na Lancet mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila namba ya juu ya presha ikishuka kwa 10, viharusi hupungua kwa asilimia 27, moyo kushindwa kusukuma damu asilimia 28, na mshtuko wa moyo na jamaa zake asilimia 17. Kumi tu. Lakini ushindi huo haudumu ukiacha dawa kwa sababu "nimejisikia vizuri." Umejisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Ikikuletea kikohozi, miguu kuvimba au udhaifu wa kitandani, rudi useme, zipo nyingine. Kuacha kimya kimya ndiko kunakojaza wodi.

Jambo moja la dharura, na hapa sitanii hata kidogo. Kifua kikibana kama kimekandamizwa, maumivu yakipanda shingoni, tayani au mkononi, jasho baridi likitoka, pumzi zikikatika, usiseme ni vidonda vya tumbo ukanywa dawa ya asidi na kulala. Amsha watu. Nenda hospitali usiku huohuo, na usiendeshe wewe. Wanawake na wenye kisukari huweza kuhisi uchovu wa ghafla, kichefuchefu au kukosa pumzi tu, bila maumivu makali. Na mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe atibiwe, kwa sababu koo lisilotibiwa huweza kumharibia valvu za moyo hata kama hajawahi kuona chipo.

Ushambulieni kwa chama

Mtu mmoja akiacha chumvi nyumbani kwa watu sita, atakula peke yake wiki moja kisha atasalimu amri. Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi hautoki hospitalini. Miaka ya sitini na sabini, wanaume wa Karelia Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Finland, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Siagi ilikuwa kwenye kila kitu na sigara kwenye kila mdomo. Mwaka 1972 mradi ulianzishwa, akauongoza daktari kijana Pekka Puska. Hakujifungia ofisini. Alikwenda kwa vyama vya akina mama wa nyumbani, wakapika pamoja supu zenye mboga nyingi na chumvi kidogo, wakaonja, wakapeana mapishi. Wenye viwanda vya soseji waliombwa wapunguze mafuta na chumvi. Wafugaji wa maziwa walioingiwa na hofu walisaidiwa kulima matunda ya porini ya huko. Baadaye vijiji vilishindana kushusha kolesteroli, na kijiji kilichoshinda kilipata zawadi. Katika miongo iliyofuata, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Chama tayari unacho. Kila mtaa wa Ruiru na Thika una chama cha akina mama, cha wazee wa nyumba kumi, cha vijana wa boda boda, cha kwaya. Kinakutana, kina kitabu cha mahesabu, kina mweka hazina asiyesahau. Kiongezewe safu moja kwenye kitabu: presha ya kila mwanachama, mwezi hadi mwezi. Chakula cha mkutano kiwe githeri, matunda na maji badala ya soda na keki. Vyama vya Makongeni vishindane na vya Kiganjo, vya Membley na vya Gatongora, nani ameshusha presha na viuno zaidi kufikia Desemba. Zawadi iwe mbuzi, mradi chumvi isiletwe ubaoni. Vijana wa boda boda, ambao wanakaa kuliko madereva wa London, naona wangefaidi kuliko wote.

Kuna deni ambalo chama hakiwezi kulilipa, nalo ni la mji. Mtu haachi pikipiki ilhali njia ya miguu imegeuzwa maegesho na kibanda na mfereji wa maji machafu. Haendi matembezi ya jioni pasipo na taa. Mtoto hachezi mpira uwanja ukiwa umenyakuliwa. Kwa hiyo kaunti ya Kiambu ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda, na uende na chama kizima. Mwulize mwakilishi wa wadi yako maswali matatu na umtake ajibu kwa tarehe: taa za njia ya kutoka steji hadi mtaani zitawashwa lini, njia ya miguu itawekwa wapi, na kama zahanati ya wadi ina mashine ya presha inayofanya kazi na dawa za kutosha mwezi mzima. Andikeni majibu kwenye kitabu kilekile cha mahesabu, msome namba za presha za wanachama mbele yake, kisha mpangiane mkutano ujao ni lini na nani atapika.